Shujaa Aliyemchekesha Baba

Kamwene, mjukuu wangu Upendo,

Hapa Kitandililo tu wazima, mahindi tumeshavuna, na babu yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini bado napenda vile vitabu vya zamani vya katuni, vya shujaa anayeruka angani, wakati wewe unaviona vya kitoto.

Mwaka aliofariki mama yangu, baba aliacha kuzungumza. Siku moja alinikuta jikoni nasoma katuni huku ugali unaungua, akaninyang'anya. Nilijua ataitia motoni. Akaitazama, kisha akakaa kwenye kigoda. Shujaa alikuwa amesimamisha treni kubwa, kama hizi za Makambako, kwa mkono mmoja, ili bata wavuke reli.

"Mbona kavaa chupi juu ya suruali?" baba akauliza.

"Ndivyo wanavyovaa, baba."

Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Hebu fungua ukurasa wa pili, tuone kama bata wamevuka."

Walivuka wote. Tulijua duniani haiwi hivyo kila mara, lakini jioni ile baba alikula akizungumza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalitaja jina la mama.

Ni mimi bibi yako,
Tulia