Kupumua: Tatu

Deira, Dubai
Alhamisi mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta kifua kimetulia na baridi ya Wundanyi imepunguza makali. Ng'ombe ameshazaa? Shangazi Mkamburi anakula vizuri? Nimemuulizia yeye kwa makusudi, utaona mbele. Barua anakuletea Saru, mwenzangu wa kazini, aliyepata nafasi kwenye ndege ya kuwarudisha watu nyumbani. Isome ukiwa peke yako. Kwenye simu ningekudanganya tena.

Hoteli haijafunguliwa, Mama. Kila Jumapili nakuambia kazi ni nyingi, kumbe tangu ugonjwa huu uingie tumekaa chumbani, wanawake wanane, vitanda vya ghorofa, kila mtu na pazia lake. Mwezi wa pili wa kukaa hivyo niliacha kuinuka. Haukuwa uvivu. Nilikuwa naliona bafu, hatua nne tu, na siwezi kulifikia. Nikapata namba ya kliniki inayohudumia watu kwa simu. Sasa muuguzi hunipigia kila Jumatatu, na nina vidonge, kimoja kila asubuhi. Amenipa pia kazi za siku: nioge kabla ya saa mbili, nivae nguo za kutokea hata kama sitoki, nikae mahali pa kimya nivute pumzi taratibu dakika kumi, nipike, niongee na mtu mmoja. Kila jambo naliandika kwenye daftari na kulipa alama, sifuri mpaka kumi, jinsi lilivyokwenda.

Basi kila asubuhi navaa sare ya hoteli, navaa barakoa, naenda kukaa kwenye ngazi za ghorofa ya juu. Muuguzi naye naongea naye hapohapo, maana chumbani hakuna siri. Daftari nililiandika kwa Kiswahili ili msimamizi wa jengo akiliona asielewe. Nilijiona mjanja. Nikasahau kwamba chumba chetu kizima kinasoma Kiswahili.

Juzi nilirudi kutoka kwenye ngazi nikakuta mapazia yote yamefunguliwa. Daftari liko mikononi mwa Nakato, dada wa Kiganda anayelinda mnara kule Marina, pekee kati yetu ambaye bado anaenda kazini. Kikombe changu kiko nje ya mlango, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Jumamosi, kupumua, tatu," alisoma kwa sauti. "Jumapili, kupumua, mbili. Mnasikia? Pumzi inaisha! Wewe Wakesho, uko na corona na unalala juu yangu?"

"Si corona."

"Na vidonge? Na huyo daktari wako wa kwenye ngazi?"

Bi Zuhura, mtu mzima wetu kutoka Tanga, mwenye mkataba wa chumba, hakupaza sauti. Simu ilikuwa mkononi mwake. "Mwanangu, tuko wanane na choo kimoja. Nikiwaita watu wa afya watatufungia sote, na Nakato atapoteza kazi. Nisipowaita, tukafa je? Sema ukweli kabla ya Alasiri. Ama ufungashe."

Nifungashe niende wapi, Mama? Hakuna nyumba inayopokea mgeni siku hizi. Nilisimama pale na sare yangu, nikamkumbuka Shangazi. Nilikuwa na miaka saba nilipoanza kumpelekea chakula chumba cha nyuma. Wageni wakija ulikuwa unasema, "Amepumzika," kisha unafunga mlango. Niliapa hakuna atakayenifungia mlango kama ule. Kumbe nilishaufunga mwenyewe, kwa pazia.

"Ni akili," nikasema. "Naugua akili. Hizo ndizo dawa zake. Kupumua ni zoezi."

Nakato alipiga hatua moja nyuma. "Afadhali corona," akasema. "Corona ni siku kumi na nne, khalas, imekwisha."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Unapiga watu?" Bi Zuhura akauliza.

"Sipigi. Nashindwa kuinuka tu."

Alileta kipima joto chake, akanipima mara mbili. Sikuwa na homa. Kisha akavaa miwani, akalichukua daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa huku wote tumesimama. Nilihisi navuliwa nguo.

"Hapa pameandikwa kuongea na mtu mmoja," akasema mwishowe. "Mbona wiki tatu ni sifuri, sifuri, sifuri? Sisi si watu?"

Akanipa kalamu.

"Leo andika saba. Na hapa kwenye kupika, yalla, njoo umenye vitunguu. Nitakupima kila asubuhi. Siku ya homa, napiga simu."

Nimebaki, Mama, kwa sasa. Nakato amehamia kitanda cha karibu na mlango na hasemi nami. Kikombe bado kiko nje kwenye mfuko wake. Nakipita kila nikienda kwenye ngazi. Jana niliandika kupumua, nne.

Msalimie Baba, kaka Mwakio anayekuangalizia ng'ombe, na mama mdogo wa Voi; mwambie kitenge chake nimekifanya pazia.

Shangazi sitamsalimia kwa barua. Jumapili saa kumi nitapiga simu. Najua utataka kuniombea, na uniombee, lakini kwanza fungua chumba cha nyuma, umtoe, umkalishe sebuleni kwenye kiti cha wageni, umpe simu mkononi. Hata kama kuna wageni. Nina swali ambalo katika ukoo wetu ni yeye tu anayeweza kulijibu: asubuhi, huwa anainukaje?

Ni mimi binti yako,
Wakesho