Korongo Wametua Shambani Kwetu Mvumi

Mvumi, Kilosa,
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa wifi yangu Costancia,

Shikamoo wifi. Habari za Sumbawanga na baridi yenu hiyo? Goti lako linaendeleaje? Shemeji Damiano hajambo? Sisi huku wazima, Mungu anatulinda. Kaka yako Tomasi alisumbuliwa na kikohozi baada ya Mwaka Mpya, sasa kimeisha, anakula kama kawaida yake, na kawaida yake unaijua.

Nimeona simu haitoshi. Nikikupigia, mtandao unakatika nikifika penye utamu. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, halafu uwasomee na wengine hapo nyumbani kwa sauti.

Wifi, unakumbuka ulipokuja kwetu kwenye kipaimara, ukasema mbele za watu kuhusu Yusta, "Mtoto wa kike anakwenda chuo kusomea ndege? Si angesomea unesi?" Mimi nilinyamaza siku ile kwa sababu ulikuwa mgeni wangu na wali ulikuwa bado jikoni. Leo sinyamazi.

Kwanza nikwambie, mwaka huu ndege wametujia hasa. Dudumizi alianza kulia mapema na mvua ikaja kweli. Mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme kama shanga. Yangeyange wanatembea na ng'ombe wa wafugaji wa Msowero kutwa nzima. Kwelea bado, hao wanangoja mpunga ukomae ndipo watutoe jasho. Lakini waliotia fora ni korongo! Wale weupe, wenye weusi kwenye mabawa, mdomo na miguu myekundu kama wamechovya kwenye rangi. Wanatoka Ulaya, wifi, wanakimbia baridi. Wanakuja na mvua za vuli, na mwezi wa tatu hutawaona tena. Mwaka jana tuliwaona wachache kwa mbali. Mwaka huu viwavijeshi wamevamia mahindi, korongo nao wakawafuata mpaka shambani kwangu. Si kwa jirani. Kwangu.

Sasa Yusta wetu yuko Mikumi, kwenye kambi moja ya watalii, alikuwa kwenye majaribio ya kuongoza wageni wanaopenda ndege. Akaja bibi mmoja kutoka Poland, anaitwa Halina. Huko kwao korongo hujenga kiota juu ya banda lake kila mwaka, wakishakuza watoto wanaondoka, naye anabaki na theluji yake akijiuliza wanakula wapi. Bibi wa watu kafunga safari kuja kuwatafuta. Wakazunguka hifadhini siku mbili, wapi! Twiga wapo, tembo wapo, korongo hakuna. Meneja wa kambi, Samweli, akamwambia mwanangu, "Kesho kutwa mgeni anaondoka. Asipoona korongo, na wewe majaribio yako yameishia hapo."

Yusta akanipigia simu. "Mama, korongo bado wapo?"

"Wapo! Wanatembea kama shamba ni lao."

"Mwambie baba asipulizie dawa. Kesho naleta wageni."

Kaka yako alikuwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni. Nilimvua mimi mwenyewe.

Basi wifi, mimi ni mama, mgeni anatoka Ulaya kuja kwangu, ningempokea mikono mitupu? Nikawakusanya akina mama, jirani yangu Mwanakheri akaja na ngoma yake, tukajipanga pembeni ya mahindi na kanga mpya. Gari likatokea, Yusta na Samweli wamo, bibi akashuka, anaelekeza darubini yake. Hapo hapo tukaachia vigelegele! Unanijua mimi kwa vigelegele. Mwanakheri naye akaipiga ngoma kama ana ugomvi nayo.

Korongo wote wakaruka. Shamba zima, pwaa! Wakapanda juu, wakazunguka, wakawa kama vumbi.

Yusta akanitazama. Hakulia, afadhali angelia. "Mama, umefanya nini?"

Mwanakheri akanong'ona, "Sisi tulidhani anayeshangiliwa ni mgeni, kumbe ni ndege!" Hakuna aliyecheka. Samweli akafungua mlango wa gari, akasema, "Twendeni, kazi imekwisha."

Nilitamani ardhi inimeze. Unga wa mwanangu nimeumwaga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini sikiliza mtoto niliyemzaa! Yusta akaingia kwenye mahindi, akafunua majani, akarudi na viwavi wamejaa kiganjani. Akamwonyesha Samweli. "Chakula bado kipo. Hawawezi kwenda mbali na chakula hiki. Tukae kimya, watarudi." Kisha akatugeukia sisi. "Akina mama, kaeni chini. Hata kukohoa, hapana."

Tukakaa. Jua likatupiga. Nilijifunga kanga mdomoni, wifi, usicheke, maana sijiamini. Mwanakheri akashikwa na kwikwi, kila ikimjia anajibana pua, machozi yanamtoka. Samweli anatazama saa, anatazama gari. Mimi nasali rozari moyoni, vidole vinahesabia majani.

Akashuka mmoja. Akasimama, akatugeuzia shingo, akaanza kutembea polepole kama padri kwenye maandamano. Akadonoa. Wakaja wawili, wakaja wengine, mpaka shamba likawa jeupe tena! Yule bibi akaushika mkono wangu, akaubana, machozi yanamshuka, anasema maneno ya kwao. Sikuelewa hata moja, na sikuhitaji mkalimani.

Samweli akawapakia garini wakaondoka, habari ya kazi bado iko hewani. Siku nne zilizofuata sikulala vizuri. Jana mchana Yusta akapiga: amesaini mkataba wa miaka miwili! Bibi kabla hajapanda ndege alimwambia Samweli kwamba mwakani anarudi na wenzake, na wataongozwa na Yusta, si mwingine. Nililia, kaka yako akalia akasingizia moshi, na hatukuwa na moto.

Ila wifi, unajua mtoto aliniuliza nini kwanza, hata kabla ya kumalizana na furaha? "Mama, shangazi umeshamwambia?"

Ndiyo maana nimeandika. Mimi namsifu kila siku, sifa zangu ameshazizoea kama chumvi. Anangoja za kwako. Ukimaliza kusoma, mpigie.

Msalimie shemeji Damiano, Happyness na mumewe, na Mama Grace wa jirani yako. Tomasi anakusalimu, Mwanakheri pia. Bwana awafunike kwa mkono wake, goti lako lipone, na mahindi yenu yabebe vizuri.

Wifi yako akupendaye hata ukimchokoza,
Mama Yusta