Lali Ikipigwa Polepole

Suva, 2 Mei 1997

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kitambo. Hujambo? Goti lako je? Na jikoni, mmeshapata bati tangu ile tufani? Sisi wawili hatujambo kidogo. Tungali wodini. Mume wangu Isoa yuko machimboni na ruhusa amenyimwa, kwa hiyo tuko mimi na Losana tu.

Mama, kilango cha moyo wa mtoto kimeharibika kabisa. Ngazi tatu tu na midomo inageuka rangi. Madaktari wa ng'ambo wanakuja, na Losana amepangiwa Jumanne tarehe 20, saa mbili asubuhi. Wasipompasua safari hii, daktari wa hapa anasema hatafika Krismasi. Wakimpasua, anaweza asiamke. Wananitaka nitie saini. Kalamu naishika, naiweka chini.

Nimechoka, Mama. Nalala sakafuni chini ya kitanda chake. Nikifumba macho nisali, usingizi unanibeba kabla sijafika "Baba yetu". Tafadhali usinitumie mistari ya Biblia, ninayo tele. Njoo wewe.

Ni mimi mwanao,
Vasemaca


Nasoki, Kadavu, 8 Mei

Mwanangu Vase,

Barua yako imenifikia leo, na ninakujibu huku meli ingali imetia nanga. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Goti ni lilelile. Bati bado, na kanisa nalo bado halina paa, tunasali huku kunguru wakitutazama.

Ningeweza kupanda meli hii. Sitakudanganya kwamba imejaa. Naogopa, mwanangu. Mara ya mwisho nilipoingia wodi zile nilitoka na shati la baba yako kwenye mfuko, na yeye nikamwacha kwenye baridi. Nikifikiria mlango ule miguu inakataa. Unisamehe ukiweza.

Ila nitafanya ninachokiweza. Tangu baba yako atutoke, lali naipiga mimi. Lile gogo la kuitia watu sala tufani haikuliweza, limekaa palepale mbele ya kanisa. Napiga kila alfajiri na hawaji ila mchungaji na mbwa wake. Watu wamechoka, wanajenga mchana kutwa na kulewa yaqona bakuli kwa bakuli usiku. Baba yako mdogo Eroni ananicheka: "Shemeji, mikono hiyo ya kukunia nazi! Iko siku utachanganya ya sala na ya msiba, uzike watu walio hai!" Nikamwambia ya sala ni upesi upesi, ya msiba ni moja moja, na wewe yako utapigiwa karibuni usipoacha bakuli.

Jumanne hiyo nitaanza kupiga ya sala alfajiri, wala sitaacha mpaka niamini wamemaliza kumshona.

Nahodha anaita. Mbusu Losana.

Mama yako


Suva, 13 Mei

Mama,

Barua hii naituma kwa boti ya Josefa.

Mtoto wangu anapasuliwa kifua, wewe unanipigia gogo! Nilikuomba mikono yako hapa, kwenye kichwa chake, si huko kwenye mti mkavu. Mimi nani aliniambia niogope au nisiogope? Naogopa na bado nipo.

Nimemsomea Losana barua yako, nikaruka maneno ya mlango. Akauliza, "Nitaisikia lali ya Bibi kutoka huku?" Nikamwambia hapana, ni mbali, kuna bahari. Akasema, "Basi wewe utanisikilizia." Nimsikilizie nini, Mama? Humu nasikia viatu vya manesi tu.

Saini sijatia. Usinijibu.

Vasemaca


Nasoki, 20 Mei, jioni

Mwanangu Vase,

Umenikataza kujibu, lakini nitaandika. Sikuulizi hali. Naogopa jibu, na mlingoti wa redio ya zahanati bado umelala chini, hakuna wa kutuletea habari.

Nilianza giza halijatoka. Upesi upesi, kama baba yako. Mchungaji akaja akasali, akaenda kwa mgonjwa. Jua likatoka. Akaja Eroni, macho mekundu. "Shemeji, imetosha. Mungu si kiziwi, na sisi tunataka kulala." Nikamwambia akalale, nani kamzuia? Akaenda zake akinung'unika.

Saa mbili ikafika, nikasema ndani ya moyo, sasa wanamchukua. Nikazidisha. Lakini mikono, Vase! Mabega yakawaka, vidole vikafa ganzi. Nikasema, Bwana, hapa ndipo nilipofikia, mbele yangu sina kitu. Nikawa nainua gongo moja kwa mikono miwili. Linaanguka. Napumzika. Nainua tena. Linaanguka.

Moja. Moja.

Mimi sikusikia nilichokuwa nikipiga. Waliosikia ni wao. Kidogo nikaona watu wanakuja mbio kutoka mashambani, matope hadi magotini, wanawake wanalia jina la Losana. Eroni alikuwa mbele, pajama ikimteremka, analia kama ng'ombe. "Lini? Lini, shemeji? Nani kakuletea habari?"

Nikasema, "Hajafa mtu. Ni mikono yangu iliyokufa."

Mjomba Sireli akatukana, mbele ya kanisa! Mwingine akacheka. Shangazi yako Mere akanisuta, "Mbona hukusema kama leo ndiyo siku yenyewe?" Ni kweli sikumwambia mtu ila mchungaji. Niliona haya kwamba sikuja kwako.

Eroni akaninyang'anya magongo mkononi. "Kaa chini," akasema, "mkaidi wewe." Akapiga ya sala. Alipochoka akapokea Sireli, kisha Mere, nao wazee wakasema mwanamke mmoja kwenye lali anatosha, Mere akawaambia waje wamzuie. Waliobaki wakaingia kanisani wakasali. Mvua ikanyesha na hakutoka hata mmoja. Mimi nilikaa ukutani nimefumbata mikono kwapani, nikalia, na huko kulia ndiko kulikuwa sala yangu. Vase, mimi nguvu sikuwa nazo tena, nilibebwa.

Tulikuwa hatujui wakati wa kuacha, tukaacha giza lilipoingia. Sasa sijui kama ulitia saini. Sijui kama mtoto yupo. Goti limevimba na meli imekwenda, vinginevyo leo ningepanda, niogope nisiogope.

Mama yako


Suva, 9 Juni

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mabega je? Sisi wawili hatujambo.

Isome tena, Mama. Wawili.

Sikuandika mapema kwa sababu karibu wiki tatu nzima niliogopa kuliandika neno hilo lisije likageuka. Jana ameteremka ngazi na kuzipanda, midomo yake ni myekundu, na ametukana chakula cha hospitali. Leo nathubutu.

Saini niliitia asubuhi ileile, nesi akiwa ameshika kitanda. Imani sikuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa sita nzima, na neno la sala halikuja hata moja. Nilichokuwa nacho ni hasira yangu kwako. Nikawa nasema, sasa hivi yule bibi mkaidi anapiga gogo lake. Na sasa bado anapiga. Na sasa bado. Nikaishikilia hasira hiyo mpaka mlango ukafunguliwa. Nimekuja kugundua kwamba muda wote ule nilikuwa nakusikiliza, kama alivyotaka mtoto.

Barua yako ilinifikia juzi. Nimeisoma wodi nzima ikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Kuhusu mlango, Mama, tuuache. Nimekwisha kuusamehe.

Tunakuja na meli ya tarehe 19. Losana atakuwa sitahani, anasema akivuka rasi tu lazima aisikie lali. Mwambie Baba mdogo Eroni apige upesi upesi, asije akatuua kwa hofu karibu na nyumbani. Wewe magongo usiyaguse. Njoo ufukweni na mikono mitupu, maana daktari amekataza asitembee mchangani, na wa kumpokea mtumbwini ni wewe.

Ni mimi mwanao,
Vasemaca