Sufuria na Mfuniko Wake

Shikamoo Mama. Marahaba yako nitaiitikia mwenyewe moyoni, nimeshazoea.

Jumapili nilikwenda sinema. Picha ya Kihindi: ndugu wawili wanagombea nyumba ya baba yao, mama yao yu katikati, analia mpaka anapofuka macho. Ungeipenda. Kihindi hukukijua hata neno, lakini ungesimama ukamtukana yule mkubwa kama kawaida yako: "Huna haya, we! Huyo si mamako?"

Nikatupa jicho mbele, namwona nani? Mwanao Mbwana, kavua kofia anafutia machozi. Nageuka nyuma, nduguye Bakari huyo, mabega yanamtikisika. Wanamlilia mama wa Kihindi! Siku tuliyokuzika hawakutoa chozi. Walikuwa wakivutana nani ashuke kaburini kukupokea.

Na ungeiona arobaini yako! Nyumba wameikata kwa kiambaza mpaka uani, na vyombo wamegawana. Mbwana kachukua sufuria yako kubwa ya shughuli, Bakari kachukua mfuniko wake. Mfuniko, Mama! Zikasomwa hitima mbili saa ile ile, kila mmoja na watu wake, wanashindana sauti. Pilau ya Mbwana haikuwa na mfuniko wa kupalia makaa, ikaungua chini, juu mchele mbichi. Bakari alipika kwa vyombo vya kuazima, mfuniko kauegemeza ukutani watu wauone. Wanaume wazima, na ndevu zao. Nilitamani kuwatemea mate.

Ulikuwa ukisema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Nimelima mpaka nimechoka.

Basi pale sinema niliwaacha katika kilio chao, nikatoka. Picha sikuimaliza, sijui wale Wahindi walipatana au la. Nikaja mbio nyumbani kwako Mabawa, nikaingia upande wa Mbwana, nikaitoa sufuria. Mkewe aliishika mkono wa pili bila kuuliza. Kufika upande wa Bakari, mkewe keshasikia, mfuniko kauweka mlangoni. "Chukua, wifi," akasema, "nimechoka kuusugua."

Viko kwangu, kimoja juu ya kingine. Hitima yako ya mwaka itapikwa hapa, na italiwa sinia moja. Asiyetaka kula na nduguye, aende kwa mama yake wa Kihindi.

Lala, Mama. Mchele wako hautaliwa mbichi tena, nakuahidi.

Mwanao,
Mwanahamisi