Lori Langoni kwa Kerubo

Gesima, Ijumaa jioni, 1972

Majani yangu yamemwagwa tena. Karani wa chai alitia mkono ndani ya kikapu, akautoa, akasema, "Mama, haya yamepata joto. Yameanza kuwa mekundu." Foleni nzima ilisikia.

Yasipate joto vipi? Nimepanda nayo mgongoni kutoka mtoni, kwenye tope, wakati Kerubo anachuma taratibu mpaka asikie honi ya lori. Banda la kuuzia chai liko langoni kwake.

Huyu Kerubo ni mke wa shemeji yangu. Baba mkwe alipowagawia wanawe shamba, sisi tulipata upande wa mto wenye udongo mweusi, wao wakapata kilima cha mawe. Nilimhurumia, Mungu anajua. Nilikuwa nampelekea ndizi. Kisha ikaja barabara ya lori, ikapita huko juu kwake.

Leo alinishika mkono. "Dada, uwe unaniletea majani asubuhi. Nitakutandazia kivulini mpaka lori lije."

Nilimwambia nitafikiria. Alisema kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililonichoma. Upole ule naujua. Ndio niliompelekea pamoja na zile ndizi.

Kesho ni Sabato, tutakaa benchi moja kanisani. Nitaomba barabara ifike hadi kwetu mtoni. Na kama haiwezekani, mvua iibomoe ile ya kwake. Hilo nitaliomba kimoyomoyo, maana atakuwa amenishika mkono.