Ukuta Mtupu Juu ya Kitanda Chetu

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na Kikwajuni yote inanukia udongo.

Mwezi wa nne sasa tangu Nassor anioe, na ukuta wa juu ya kitanda bado mtupu. Kitanda, kabati na meza yenye kioo vyote ni vya mbao nyeupe, rangi ya ndizi iliyomenywa. Alivinunua mwenyewe kabla ya harusi.

Asubuhi nimezunguka maduka ya picha Mji Mkongwe. Buluu za bahari naona zitakitia chumba baridi, nyekundu zitazimeza zile mbao. Picha za watu sizitaki, maana Nassor husali humo. Nikampigia simu kumuuliza anapenda nini.

"Chochote utakachopenda wewe."

Kila siku jibu ni hilo. Nakiri, mume wangu bado simjui.

Kuna jambo jingine linanishughulisha. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa nakshi za milango. Vipi mtoto wa fundi kama yule anunue vitu visivyo na ua hata moja?

Mchana nikenda kumuuliza mama yake, Bi Zuhura.

"Nassor alichonga ubao wake wa kwanza ana miaka kumi na tano," akaniambia. "Babaake akaupiga randa mbele ya mafundi wote, maua yote yakaondoka. Toka siku ile mwanangu hajashika patasi."

Kisha akafungua kabati, akatoa karatasi tatu zilizokunjwa. Maua na majani kwa penseli, michoro ya Nassor ya ubao ule ule.

"Sikuziweka mimi. Nlizikuta kwenye nguo za babaake alipofariki. Kumwambia Nassor nkashindwa. Zichukue wewe, mwanangu."

Nikazibeba ndani ya buibui zisirowe. Njia nzima najiuliza. Je, hili ni langu kuligusa?

Nassor aliporudi baada ya Alasiri alizikuta nimezitandaza kitandani.

"Umezitoa wapi?"

"Kwa mama. Baba ndiye aliyezihifadhi."

Akakaa. Akazitazama moja moja, mpaka nikajuta. Halafu kidole chake kikasimama kwenye jani moja.

"Hili nililikosea," akasema. "Nililipinda vibaya."

Nikainama kutazama. Juu ya jani lile palikuwa na mstari mwingine, mnene, wa penseli ya seremala, umelichora jani upya, taratibu, mpaka kwenye ncha.

"Huu si mkono wangu," akasema Nassor. Akaufuata kwa kidole.

Nilimshika bega tu.

Karatasi hiyo ndiyo tutakayoitundika. Imegeuka manjano kidogo na itakaa vizuri na zile mbao. Fremu anataka kuitengeneza mwenyewe.

Sasa amelala, nami nawaza juu ya baba mkwe ambaye sikumuona. Alikaa na karatasi ile mara ngapi, peke yake, akitafuta namna ya kumwita mwanawe?