Mashine Inayonenepa na Mchoro wa Kola Pana

Ehe, leo umeikumbuka njia! Miaka minne, wewe. Barua yako ya kwanza mkwe wangu alinisomea mara mbili, tunacheka mpaka machozi: mtu mzima, hodari wa kompyuta, anampenda fundi cherehani wa ghorofa ya chini na anaogopa kumwamkia. Nikakuambia chukua suruali, mpelekee akupunguzie, mengine yatajisema. Ukapotea. Hata "Bibi, nimeoa" hukuniambia. Miaka minne nimekaa na suruali yako moyoni, sijui ilipunguzwa au la! Leo shida imekubana ndiyo umeniona. Haya, mlango wangu haufungwi, pita, ila kaa mbali kidogo mpaka nipoe. Wasomaji wangu, barua yake ndiyo hii. Mkwe anasema mwandishi wake hana habari na nukta, nikamwambia iache hivyohivyo, mtu akizama hahesabu pumzi.

*Bibi mpendwa, ni mimi wa ile suruali, naomba msaada wako na naomba usinikaripie kabla hujafika mwisho, nilimwoa yule fundi cherehani na tunaishi vizuri, cherehani yake iko sebuleni karibu na dirisha na kompyuta yangu iko ukuta wa pili, tunapeana migongo tukifanya kazi na kila mmoja anamsikia mwenzake, sasa Bibi mimi nimejiunga na kikundi cha watu wa kujitolea, tovuti ikitangaza kufungwa tunawahi kunakili kurasa zake zote kabla hazijazimwa, zinawekwa kwenye ghala moja kubwa ili watu waje kuzisoma hata baada ya miaka, na kazi yenyewe inafanywa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta yangu, inachukua kazi kwenye foleni, inanakili, inafunga mzigo, inaupeleka ghalani, inachukua tena, na iko orodha inayoonyesha nani amepeleka mizigo mingi na mimi ni wa kumi na moja kati ya watu zaidi ya mia tatu.*

*Mwezi huu tunanakili jukwaa la mtandaoni la mafundi redio, miaka kumi na saba ya watu kuelekezana namna ya kufufua redio zilizokufa, mwenye jukwaa amezeeka na ametangaza kulifunga mwisho wa mwezi, basi nikaiacha mashine ikimbie bila kupumzika, siku ya tatu kompyuta ikaniambia diski imejaa, nikaingia ndani ya mashine nikafuta mizigo yote iliyokwisha kupelekwa, nikatoka nje nikaangalia, Bibi, nafasi haikuongezeka hata chembe, nikafuta tena, vilevile, mashine imeikalia diski kama mgeni aliyekwisha vua viatu, na mimi ndiyo kwanza nimefika wa kumi na moja na wa kumi namwona kisogo, basi nikaanza kutafuta nje ya mashine kitu cha kupunguza, nikaona folda ya mke wangu imeandikwa Mishono ya Zamani, nikasema ya zamani ni ya zamani, nikaifuta moja kwa moja bila kuipitisha kwenye pipa la taka.*

*Mle mlikuwa na michoro yake yote ya kukatia nguo tangu alipokuwa akijifunza kwa shangazi yake, na mimi mwenyewe ndiye niliyeipiga picha karatasi kwa karatasi mwaka tuliooana, makaratasi yalikuwa yameliwa na unyevu nikamwambia ayatupe, nikamwambia kitu kikishaingia kwenye kompyuta hakipotei, akayatupa, sasa juzi amekuja mwalimu mkuu mstaafu, anataka gauni la kola pana kama lile alilovaa siku yake ya kwanza ya kufundisha, ambalo lilishonwa na shangazi huyohuyo, mke wangu akageuka kwenye kiti akasema, "Mwenzangu, nitafutie ule mchoro wa kola pana," nikasema kompyuta inajisasisha, akasema, "Haya, haina haraka, anarudi Ijumaa ya wiki ijayo," akaendelea kushona, angefoka ningepumua, Bibi nifanyeje, nimwambie sasa au nisubiri jukwaa liishe kunakiliwa, maana zimebaki siku tisa na nikisimama kurasa za wale mafundi zitapotea na hiyo nafasi ya kumi na moja pia, hapa ninapoandika mashine bado inakimbia. Wako, Wa Kumi na Moja.*

Mjukuu wangu, usisome mstari wa pili. Inuka, kaizime hiyo mashine, na kompyuta yenyewe. Nakusubiri.

Umeizima? Rudi ukae.

Mimi darasani sikuingia, lakini miguu ninayo na mdomo ninao. Barua ilipokwisha kusomwa nilivaa viatu nikavuka barabara mpaka kwa fundi kompyuta, yule mwenye miwani iliyofungwa waya. Nikamwambia nieleze kama unavyomweleza bibi yako, ukiniletea maneno ya kizungu naondoka na stuli yako. Akacheka, kisha alipoisikia habari yenyewe akaacha kucheka.

"Bibi, kitu kikifutwa hakiondoki palepale. Kompyuta inabandua jina mlangoni tu. Vyombo bado vimo ndani, mpaka aje mpangaji mpya aweke vyake."

"Na mpangaji mpya ni nani?"

"Si hiyo mashine yake! Kila ukurasa wa redio inaoshusha unaweza kuukalia mchoro mmoja wa mkewe."

Umesikia? Siku zote hizo umekaa unajiuliza umwambie mkeo lini, na mgongo kwa mgongo naye mashine yako ilikuwa inaikanyaga michoro ya shangazi yake, mmoja mmoja. Hukuifuta mara moja, baba. Ulikuwa unaifuta kila saa.

Nikamuuliza fundi na hilo la diski kutopungua. Akasema ulipoiumba hiyo mashine uliipa diski ya kutanuka. Mzigo ukiingia inatanuka, ukitoka hairudi. Nikamwambia usihangaike, hiyo naijua, ni lastiki ya sketi yangu ya nyumbani. Ilitanuka nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba, na kitinda mimba sasa ana mvi. Wewe ulikuwa unatoa tumbo halafu unashangaa sketi haibani.

Halafu akaniambia jambo zito zaidi. Akasema katika kompyuta yako nzima kitu kimoja tu kingeweza kufutwa chote, asilie mtu: mashine yenyewe. Haina urithi ile. Mizigo yake ilikuwa imeshafika ghalani, ungeitupa, ukaweka nyingine mpya nyembamba, ukaendelea na kazi kabla chai haijapoa. Badala yake ukafuta kitu pekee ambacho hakikuwa na pacha duniani.

Na kwa nini? Usinitajie mafundi redio. Nilimuuliza fundi: huyu akizima, kurasa zake zinakufa? Akasema hapana, kazi aliyoishika inarudi kwenye foleni, mwenzake anaichukua. Mko zaidi ya mia tatu, umesema mwenyewe. Jukwaa lile lina walinzi mia tatu, na michoro ya mkeo ilikuwa na mlinzi mmoja. Wa kumi na moja, wa kumi na moja, mpaka sahihi umeweka namba! Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kazi yenu ni njema, sikufichi, imenigusa, kuna redio ya marehemu babu yenu hapa ingefaidika nayo. Lakini ulianza ukiokoa vitu vya watu, ukaishia kumfukuzia mtu kisogo.

Sasa sikiliza, na mkwe anaandika polepole ili usiseme hukuelewa.

Kompyuta ibaki imezimwa. Usiiwashe "kuangalia tu". Fundi anasema kazi ya heshima ni kuiambia mashine imalize ilichoshika kisha ipumzike, lakini leo hakuna heshima, kilichozimwa kimezimwa. Mpelekee fundi anayejua kufukua vilivyofutwa, aichomoe hiyo diski na kuisoma akiwa kwake, na atakachokipata akiweke kwenye diski nyingine, si hiyohiyo. Kama diski yako ni ya kizamani, ile inayozunguka na kukoroma, kuna tumaini. Kama ni ya kisasa, zile hujisafisha zenyewe, tumaini ni dogo. Huenda ikarudi nusu, huenda isirudi hata mmoja. Sikudanganyi ili ulale vizuri.

Ila kabla ya fundi, mkeo. Leo, kabla hajainuka kwenye cherehani. Usianze na mafundi redio, usianze na lastiki. Sema, "Nilifuta michoro yako, nikakudanganya kwamba kompyuta inajisasisha." Kisha funga mdomo. Atakachosema ni chake, na akinyamaza, kimya ni chake pia, usikijaze wewe. Unasema angefoka ungepumua. Alaa! Yaani hata hasira yake unaitaka ikusaidie wewe? Njia ya mwongo fupi, na yako inaishia Ijumaa, mwalimu mkuu akiwa amesimama sebuleni kwenu kupimwa. Mke asiyajulie mbele ya mteja.

Kuhusu mashine yako, sikuambii uiache. Akikuruhusu, na nimesema akikuruhusu, tafuta diski ya pembeni iwe ya mashine peke yake, isilale tena chumba kimoja na kazi ya mkeo. Uipe kipimo kisichotanuka. Ikijaa isimame, ikunung'unikie wewe. Ikikusumbua, itupe yote uweke mpya. Na michoro itakayopatikana iwe na nakala tatu, mojawapo kwenye karatasi, kwenye sanduku analolifunga yeye na ufunguo anao yeye. Wewe uliyesema kitu kikishaingia kwenye kompyuta hakipotei, ulitumwa na nani?

Nimekusema vya kutosha. Mimi ndiye niliyekutuma kwa huyo binti na suruali yako, kwa hiyo hasara hii nina fungu langu ndani yake, na sitalikimbia. Mwambie Bibi anamwomba radhi kwa kumpelekea mtu bila kumkagua. Mkeo ana mikono iliyokata ile kola mara nyingi. Mikono ina kumbukumbu yake, mpe nafasi na usimsemeshe.

Usikae tena miaka minne. Ukija safari ijayo, acha namba yako nyumbani, na uje na mchoro wa kola pana kwenye karatasi, uliochorwa upya na mkeo, wewe ukiwa umemshikia rula.